Noproblemu ya ku Parking ya Bulengera

Honi njo inanirudilia mbele ya yote. Mutoto yangu aliifinya na hakuiachilia tena. Mimi nilikuwa juu ya mbao, pamoja na bamama bengine, na vikapo vyetu vya mboga, mashu na poireaux, na kamio ilikuwa inashuka muteremuko ya Kalunguta kama jiwe yenye mutu amerusha. Upepo ilininyanganya kitambaa ku kichwa. Mama moja karibu na mimi alianza kuita Bikira Maria. Mwengine alikuwa anapiga cabine na ngumi na kutukana: "Weye chauffeur! Unatupeleka wapi na hii mbio? Unazani tuko magunia?"

Mimi nilijua nani iko ku volan, ku usukani. Nilijua hawezi kukimbiza gari vile na mama yake juu.

Kisha akatosha kichwa mu dirisha. Niliona tu sikio yake na shavu. Akaita na sauti yenye sijasikiaka tangu alikuwa mutoto: "Mama, mujishike! Frein haiko! Haisimame! Frein haiko!"

Chini kule kulikuwa soko ya kando ya njia. Bamama na mihogo yabo, batoto ya masomo, bamotard ba pikipiki benye kungojea bateja. Batu balisikia honi, bengine balianza kukimbia, bengine balisimama tu wanaangalia, sababu mutu akiogopa sana miguu inamusahau. Mbele ya kufika pale, mutoto yangu akakata volan. Akaingiza kamio mu mulima, upande yenye kuwa na udongo, upande yake mwenyewe. Mbao ya libuyu, muti ya pori, ikateleza yote pamoja, ikapita juu ya cabine. Harufu yake, ile ya muti mupya wenye wamepasua asubuhi, ilijaa pale pote. Mupaka leo nikipita fasi wanapasua mbao ninasimama kwanza, ninatafuta ukuta ya kushika.

Mutoto yangu alikufia pale. Bamama mbili benye tulikuwa nabo juu balikufa nabo. Mimi nilibakia na muguu moja yenye kukunjika na ingine yenye haitaki tena kukunjika. Ku soko, hakuna mutu alikufa. Hata kuku.

Bon. Patron, mwenye kamio, anapendaka kuanzia habari pale, ku mulima, sababu ukianzia pale kunaonekana chauffeur tu. Mimi nitarudi nyuma.

Patron ni mutu ya Butembo kama sisi. Bazee bake balilima maharage kama bazee bangu. Lakini yeye alienda Kampala, kisha Dubai, kisha kule kwa Bachina, na kila fois alirudi na mizigo na maneno ya Kingereza. Huku kwetu Kifaransa ni ya bureau, ni ya mwalimu, ni ya polisi ya roulage mwenye kutafuta kosa mu gari yako. Kila mutu aliichapiwaka fimbo ku masomo. Kingereza ni ingine. Kingereza ni ya mutu mwenye alivuka mupaka na akarudi na mali. Mutu akiachilia "oke" mbili mu mazungumuzo, vijana banamupisha mbele.

Mimi nilifika darasa ya tatu primaire, basi. Kingereza yangu niliiokota ku Kasindi, wakati nilikuwa ninavusha mafuta ya ngazi, ya mawese, upande ya Uganda na kurudi na sabuni. Kule unajifunza na masikio. Nilisikia vile bamama ba upande ule wanatumikisha "sori." Ukijikwaa, banakuambia sori, na si bo balikuangusha. Ukifiwa, sori. Wakipita katikati ya batu na beseni ku kichwa, sori, sori. Wakikukanyaga, sori. Mwanzo nilizani banacheka. Kisha nikaelewa kama ile neno haina uzito yake yenyewe. Uzito inatoka ku mukono. Kuko mwenye anasema sori na anakuinua, na kuko mwenye anasema sori na amekwisha kupita.

"Oke" nayo. Douanier, mutu ya forodha, akisema oke na kuangalia mbali, pita. Akisema oke na kukuangalia mu macho, shusha mizigo. Bateja wakisema oke mara tatu, habatanunua. Hayo yote hakuna mutu alinifundisha.

Patron yeye alikuwa na neno yake: noproblemu. Unamusalimia, noproblemu. Unamushukuru, noproblemu. Siku mvua ilinyesha juu ya saruji yake, alituambia sisi bote noproblemu, na kicheko, na kisha akafukuza mulinzi. Chauffeur moja alimuambia bibi yake iko mu maternité na hali ni mubaya. Patron akamupiga ku bega, noproblemu, na akamutuma Kasindi siku ile ile. Mutu mugeni angezani ni mutu ya roho muzuri. Mimi nilikuwa ninapanda magari yake kila juma na mboga yangu, na niliona. Ile neno alikuwa anaifunga nayo mulango. Problemu ilikuwa iko, mais iko kwako. Mu Swahili angeona haya kuisema vile. Mu Kingereza alikuwa anaisema na meno inje.

Mutoto yangu naye alitaka Kingereza, mais ya kwake ilikuwa ingine. Alitaka kuendesha mupaka Kampala. Ukivuka Kasindi unabadilisha upande ya njia, na bibao yote ni Kingereza, na polisi ya kule haisikie "mais chef" ya kubembeleza. Donc alikuwa anaenda ku salle ya paroisse, ya kanisa, mangaribi, na bengine bachauffeur, kujifunza. Alikuwa anarudia ananikuta ninafunga poireaux, anakaa ku kitunga, ananisemesha.

"Mama, leo tumesoma brek."

"Ni kitu gani?"

"Ni frein. Mais ni kuvunjika pia. Na ni pumziko ya batoto ya masomo. Mwalimu anaandika mbalimbali ku tableau, mais sikio inasikia moja."

"Frein na kuvunjika jina moja? Bale batu beko na akili?"

"Na weye mama? Si unapanda maharage na unapanda kamio?"

Nilimurushia jani ya poireau ku uso. Bibi yake alicheka mupaka akaacha sufuria iungue.

Asubuhi mbele ya kutoka alikuwa anazunguka kamio na chuma mu mukono, anapiga pneu ya magurudumu moja moja: "Cheki. Cheki. Cheki." Vijana ba parking balimuita Monsieur Cheki. "Monsieur Cheki, njoo ucheki bibi yangu kama iko na hewa!" Yeye hapana kukasirika. Anajibu: "Yako ni ya kutupa," na anaendelea kupiga pneu. Huyu njo balikuja kusema alikuwa mutu ya uzembe.

Sasa siku ile. Parking ya Bulengera, kwetu Butembo, asubuhi, mbao imekwisha kufungwa. Ni lazima mutu aelewe njia yetu: kutoka Beni mupaka Kasindi gari haitembee peke yake, sababu ya benye silaha mu pori. Magari inajipanga Beni, basoda ba jeshi banatangulia na bengine banafunga nyuma, soda anapiga bati ya gari na kuita na Lingala "Kende! Kende!" na munaenda. Mwenye kuchelewa anabakia mupaka convoi ingine ya magari. Patron alitaka mbao yake ilale Beni, ku Bungulu, ili ivuke na convoi ya kesho.

Mécanicien, fundi ya magari, alikuwa chini ya kamio. Akatoka na garniture ya frein ya nyuma, ile yenye inashika gurudumu, mu mukono. Niliiona na macho yangu, nilikuwa nimeshapanda juu, niko naangalia chini. Ilikuwa nyembamba kama ukucha, fasi ingine imebakia chuma tupu. Akasema: "Hii imekufa. Ya upande ule ni ndugu yake."

Patron alikuwa mu jeep, kioo chini, téléphone ku sikio. Gérant, musimamizi ya magari yake na ndugu yake ya tumbo moja, amesimama ku mulango ya jeep kama mulinzi. Mutoto yangu akaenda pale.

"Patron, frein ya nyuma haishike. Garniture mupya iko ku magasin pale katikati ya muji. Tukibadilisha, tunatoka mangaribi."

"Mangaribi? Usiku njia imefungwa, na convoi itakungojea? Weye umekuwa général?"

Batu bakacheka. Patron alipenda batu bacheke.

"Patron, kuko muteremuko ya Kalunguta."

"Ilianza leo? Shuka na vitesi kidogo, polepole. Utatengeneza Beni. Bungulu bamécanicien bamejaa kama nzige."

"Na bamama beko juu ya mbao."

"Bamama bamezoea. Si vile, bamama?" Akatupungia mukono. Mama moja akamupungia naye. Ni moja ya bale mbili.

Mutoto yangu hakutoka. Akasema tena, polepole, na heshima: "Patron, mimi sione vile itafika."

Pale patron akashusha téléphone. Akamuangalia mécanicien: "Weye, iko problemu?"

Mécanicien akapangusa garniture na kitambaa, mara moja, mara mbili, kama ni sahani ya wageni. "Akienda polepole, patron…"

"Umesikia? Noproblemu, chauffeur. Noproblemu. Oke?"

Na gérant akaongeza, na sauti ya kila mutu asikie: "Mwenye kuogopa ashuke. Vijana benye kutafuta volan beko ku mulango."

Kwetu kuko adabu moja, na mimi ninaichukia mupaka kaburini. Mukubwa akishasema neno yake mbele ya batu, unamurudishia mara moja. Mara ya pili ni kumuvua nguo mu njia. Mutoto yangu alikuwa amekwisha kumurudishia mara tatu. Ya ine hakuna mutu angemuandika tena kazi, si Butembo, si Beni. Alikuja chini ya fasi nilikaa. "Mama, shuka. Utakuja na ingine." Nikamuambia: "Kama ni ya weye ni ya mimi. Endesha." Akapiga pneu zake, zote. Safari ile hakusema cheki.

Ku hôpital ya Beni niliamuka na muguu imefungwa na vyuma. Sikumbuki siku za kwanza. Ninakumbuka gérant kusimama kando ya kitanda na mikate mu sachet na sukari, viatu yake safi.

"Mama, pole. Patron anasema sori. Sori sana."

"Patron mwenyewe iko wapi?"

"Iko na kazi ya Kampala. Mais alisema nikufikishie: sori."

"Mutoto yangu iko wapi?"

Akaangalia sachet ya mikate. "Tulimupumuzisha, mama. Vizuri. Sanduku muzuri, bâche ya kivuli, chakula, yote ilikuwa ya patron. Hakuna kitu ilikosekana."

"Mimi njo nilikosekana."

"Sori, mama."

Alikuwa amejifunza vizuri kwa ndugu yake. Nilimuambia atoe mikate yake pale. Infirmière akakuja kunituliza, na yeye akatumia ile nafasi kutoka.

Sikujua bado ile balisema ku kaburi. Nilijua nyuma ya kurudi Butembo, wakati bibi ya mutoto yangu aliniambia, tumekaa mu cuisine, yeye anasonga bugali na haniangalie. Kwetu mutu hazikwe kimya. Mbele ya kushusha sanduku, mutu moja anasimama anaeleza batu vile kifo ilikuja. Kama ni ugonjwa, ilianza wapi, balimupeleka wapi. Kama ni gari, ilikuwa namna gani. Ni deni ya benye kubakia kwa mwenye kwenda. Ile maneno inafunikwa na udongo pamoja na yeye, na batu banaenda nayo ku soko, ku misa, ku shamba, na inabakia ile. Na mwenye kuieleza anapashwa kuwa mutu mwenye alikuwa pale. Mimi nilikuwa pale. Mais siku ya kumuzika nilikuwa Beni na vyuma mu muguu. Habakuningojea.

Gérant njo alisimama. Alisema, mbele ya bibi ya marehemu na mutoto yake na familia ya bale bamama mbili: chauffeur alitoka asubuhi gari iko muzima, alipewa shauri ya kuenda polepole, alishikwa na usingizi ku volan, alipoteza gari. Kisha akasema patron anawaambia bote sori, na kwamba kwa mambo ya chakula, noproblemu, kila mutu akule. Bibi ya mutoto yangu alisema kuko batu balipiga makofi kidogo sababu ya chakula.

Mécanicien alikuwa pale, alishika kofia yake. Hakufungua kinywa. Polisi ya roulage mwenye aliandika ajali alikuwa pale. Yeye alipima njia na miguu yake ku Kalunguta, akaangalia udongo, akaangalia mbao, na hakuinama kuangalia frein. Kamio ilivutwa mbele ya juma kwisha, na hakuna mutu ananionyesha tena fasi iko.

Mujukuu yangu alirudi siku moja ku robinet ya maji na bidon tupu. Batoto balikuwa bamemuambia: baba yako alilala akaua bamama ya batu. Alinisimamia mbele: "Koko, papa alilala?" Iko na sauti ya baba yake. Nilimuambia hapana. Aliniuliza: "Sasa kwa nini balisema?" Nilichukua béquille zangu za kutembelea na nikaenda ku dépôt ya saruji ya patron.

Alikuwa anakula samaki, mulango wazi, mwenyewe, amerudi kutoka Kampala. Akasimama haraka, akanivutia kiti. "Mama! Mama yetu! Sori sana, mama, nilitaka kukuja."

"Sikukuja ju ya sori. Ya bamama ba Kasindi iko na mukono ndani. Yako iko tupu. Nilikuja uniambie nani alisema mutoto yangu alilala."

"Mama, haya ni maneno ya batu. Ajali ni ajali."

"Si batu. Ni ndugu yako. Weye ulimutuma?"

"Alieleza vile alisikia."

"Alikuwa ku mulango ya jeep. Alisikia ile nilisikia. Mutoto yangu alikuambia frein haishike."

Akacheka kidogo. "Mama, weye ulikuwa juu kule na mashu yako. Kelele ya parking yote. Ulisikia nini?"

"Nilisikia noproblemu. Mara mbili. Na oke moja."

Samaki ilikuwa inapoa. Batumishi bake balikuwa bamesimama, benye kubeba saruji na saruji ku mabega. Akabadilisha sauti, akaingia mu upole ya benye mali. "Bon, mama. Tusirudilie vidonda. Mutoto ya marehemu, nitamuangalia. Masomo, uniforme. Noproblemu."

"Uniforme itamujibu batoto ku robinet?"

Akakaa. Akavuta sahani. Akasema, bila kuniangalia: "Oke, mama."

Ile oke ninaijua. Ni ile ya douanier mwenye kuangalia mbali, mais yake haisemi pita, inasema toka.

Nimeandika haya vile ninasema, na mukono yangu, sababu ninakaribia kutoa kilio. Tutaondoa matanga ku nyumba yetu, Bulengera, nyuma ya misa, batu bote batakuja, na familia ya bamama mbili batakuja, nimekwisha kuwaita mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na béquille. Habakunifukuza. Mume ya moja aliniambia tu: "Tulitaka kuuliza, tulikosa nani."

Donc ninawauliza batu bane, mbele ya kila mutu mwenye anasoma. Weye patron, mwenye kusema neno ile mu dirisha ya jeep. Weye gérant, mwenye kusimama ku kaburi ya mutu na kumutia usingizi yenye hakulala. Weye mécanicien, mwenye kupangusa garniture: ulisema imekufa, nilisikia, na bamama juu ya mbao balisikia, na beko mu udongo. Weye polisi ya roulage, mwenye kukosa kuinama. Sihitaji ngombe yenu, wala bâche. Sitaki Kingereza, hata neno moja, na Kifaransa muiache ku bureau. Mutakuja ku kilio ile siku, patron wa kwanza, mutavua kofia, mutasimama pale gérant hakupashwa kusimama, na mutaeleza tena vile kifo ilikuja, kuanzia asubuhi, ku parking. Mutoto yake atakuwa amekaa mbele, karibu na mimi, asikie. Kama patron hatakuja, batu bajue kwamba aliitwa, na bamuulize ku mulango ya misa, na ku parking, na ku Kasindi, mupaka ajibu: chauffeur alikuambia frein haiko. Weye ulimujibu nini?